Injinia Hersi aliijenga Yanga au aliinunua? Njooni tubishane kwa hesabu



Wiki iliyopita niliandika mstari mmoja tu hapa, kwamba Injinia Hersi Said ndiye mtu wa usajili bora kuliko wote niliowahi kuwaona Bongo. Mstari mmoja! Mkachafua hali ya hewa. Watu wa Msimbazi mkasema kwa hela za GSM hata bibi yangu angesajili. Watu wa Jangwani mkasema nimechelewa kugundua. Halafu kuna mdau mmoja akaniuliza swali ambalo limenisumbua siku zote hizi: "Wewe si mtu wa Tanga? Coastal yenu imefaidika nini na hiyo akili ya Hersi?"

Leo nalijibu. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai kabisa.

Nianze na siku yenyewe

Kwa wasionijua, kwetu ni Mazinde, wilaya ya Korogwe, barabara kuu ya kwenda Same na Moshi, ukishapita Mombo. Upande mmoja mkonge, upande mwingine milima ya Usambara.

Julai 2, 2022 nilikuwa nyumbani. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Yanga na Coastal Union. Kibanda umiza kilijaa mpaka watu wakasimama madirishani, na mwenye kibanda alikuwa kapandisha kiingilio kwa sababu alijua hatuna pa kukimbilia. Pembeni yangu alikaa baba mdogo, Yanga damu, kavaa jezi ya zamani iliyopauka mpaka hujui kama ni kijani au kijivu. Mimi na vijana wenzangu tulikuwa Coastal. Sio kwamba kila mtu wa Korogwe ni Coastal, tusidanganyane, wengi ni Simba na Yanga kama kwingine kote. Ila siku ile timu ya mkoa ilikuwa fainali, na damu nzito kuliko maji.

Abdul Suleiman "Sopu" alipiga mabao matatu peke yake. Matatu, kwenye fainali, dhidi ya Yanga iliyokuwa imemaliza ligi nzima bila kufungwa. Dakika 120 zikaisha 3-3. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Penalti zikaja, Yanga wakabeba kombe.

Cha ajabu baba mdogo hakushangilia sana. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, huyo Sopu wenu mwangalie vizuri leo. Msimu ujao hamtakuwa naye."

Hazikupita wiki nyingi, Sopu akaenda Azam.

Ubishi wetu mimi na baba mdogo ulianzia hapo na haujaisha mpaka leo. Yeye anasema Hersi ni mjenzi. Mimi nilikuwa nasema Hersi ni mnunuzi. Siku hizi nimebadilika kidogo, na nataka niwaonyeshe kwa nini.

Yanga ya bakuli

Nyie mlioanza kufuatilia mpira juzi mnaweza kudhani Yanga ilikuwa na mkwanja siku zote. Hapana. Yanga ilichukua ubingwa mara 3 mfululizo, 2015, 2016 na 2017, ikiwa chini ya mwenyekiti Yusuf Manji aliyekuwa akiibeba kwa mfuko wake. Mei 2017 Manji akajiuzulu. Msimu uliofuata Yanga ikamaliza nafasi ya 3. Mishahara ikawa inachelewa, migomo ya wachezaji ikawa habari ya kawaida.

Wakati huohuo mtaa wa pili mambo yalikuwa yananyooka. Desemba 2017 wanachama wa Simba walimpitisha Mohammed Dewji kuwa mwekezaji kwa dau la Sh20 bilioni. Simba ikachukua ligi 2018, 2019, 2020 na 2021. Mara 4 mfululizo. Machi 2019 ikamfunga AS Vita 2-1 pale kwa Mkapa na kuingia robo fainali ya Afrika.

Yanga ya 2018/19 ilikuwa ya kocha Mkongomani, Mwinyi Zahera, na ilikuwa inaishi kwa michango ya mashabiki. Ndio kile kipindi cha "bakuli". Mashabiki wa Simba walicheka wakagaragara. Baba mdogo alituma Sh5,000 kwa simu. Kwa mtu anayekata mkonge, elfu tano sio hela ya kuchezea. Hakumwambia mtu, ila mama mdogo alikuja kujua na alinuna siku mbili.

Na kwa bakuli hilohilo, Heritier Makambo akifunga mabao 17, Yanga ilimaliza ya 2. Kumbukeni hiyo, nitairudia.

Mwaka wa hela ambao haukuleta kombe

GSM wakaingia. Hersi, mhandisi kwa elimu yake, alikuwa mtu wa uwekezaji wa GSM, na ndiye aliyekuja kuonekana kila ndege ya mchezaji mpya inapotua.

Agosti 2020 ndio dirisha kubwa la kwanza lililotikisa mji. Akaja Tuisila Kisinda, akaja Tonombe Mukoko, wote kutoka AS Vita ya Kinshasa. Akaja Michael Sarpong, akaja Carlinhos wa Angola, akaja Yacouba Songne wa Burkina Faso. Wazawa wakaja Farid Mussa na beki Bakari Mwamnyeto. Mapokezi ya uwanja wa ndege yakawa kama harusi.

Haya, matokeo? Msimu ukaanza na kocha Zlatko Krmpotic. Akafukuzwa Oktoba baada ya mechi chache, tena hajafungwa hata moja ya ligi. Akaja Cedric Kaze. Akafukuzwa Machi 2021. Aprili akaja Nasreddine Nabi. Simba wakabeba ligi. Julai 25, 2021 wakakutana tena fainali ya kombe huko Kigoma, Simba wakashinda 1-0, bao la kichwa la Taddeo Lwanga. Yanga ikamaliza msimu wa hela bila kombe hata moja katika yale mawili makubwa ya nyumbani.

Sasa wale wa "hata bibi yangu angesajili", nijibuni hapa. Kama hela peke yake inatosha, kwa nini 2021 haikutosha? Yanga ya bakuli ilikuwa ya 2. Yanga ya mamilioni nayo ikawa ya 2.

Hapa ndipo nilipoanza kumsikiliza baba mdogo.

Kilichobadilika

Nikiangalia kilichofanyika baada ya hapo, naona mambo matatu.

La kwanza, hakubomoa. Mtu mwingine angetupa wote aanze upya. Kisinda aliuzwa RS Berkane ya Morocco, lakini mgongo wa timu ukabaki: Mwamnyeto, Feisal Salum, Mukoko.

La pili, alirudi sokoni kulekule alikokuwa ameshakujua. Dirisha la 2021 wakaja Fiston Mayele, Djuma Shaban na Jesus Moloko, wote kutoka AS Vita. Ukiweka na Kisinda na Mukoko, hao ni watano kutoka klabu moja ndani ya madirisha mawili. Yannick Bangala, ambaye alishapita Vita huko nyuma, naye akaja. Makambo akarudi. Hawa watu walishacheza pamoja au walijuana. Hukuhitaji miezi sita kuwafundisha kuelewana. Juu yake akaongeza kipa Djigui Diarra kutoka Stade Malien na Khalid Aucho wa Uganda.

Sisi wa Mazinde hii kitu tunaielewa, kwa sababu ipo kwenye historia ya kwetu. Wazee wanasimulia habari za Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Kiti cha ufalme wa Washambaa kilikuwa Vuga, mlimani. Semboja yeye alikaa huku chini Mazinde, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani. Kimweri alipofariki miaka ya 1860, mjukuu wake Shekulwavu akakaa Vuga, lakini bidhaa na bunduki zilipita mlangoni kwa Semboja. Mwisho wake Vuga ikapigwa, na Semboja akamweka mtoto wake mwenyewe kwenye kiti. Biashara yenyewe ilikuwa chafu, watumwa wakiwemo, siisifii. Nachosema ni kwamba alijua njia inapita wapi akakaa pale, wakati wenzake waliamini kiti cha mlimani kinatosha. Klabu nyingi za Bongo miaka ile zilisajili kwa video za wakala na stori za kijiweni. Hersi alikaa kwenye njia ya Kinshasa.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, alijifunza kukaa na kocha. Makocha watatu msimu mmoja, halafu Nabi akapewa muda. Msimu wa 2021/22 Yanga ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Wale wasiofungwa wakaenda mpaka mechi 49, hadi Ihefu walipowatungua 2-1 kule Mbarali, Novemba 29, 2022.

Mtihani wa kweli ulikuwa Oktoba 2022. Hersi alikuwa ameshachaguliwa Rais wa klabu Julai ile. Yanga ikatolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa. Sare 1-1 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini. Mitandao ikawaka moto, Nabi aondoke, Nabi hana mbinu. Nendeni mkasome posti zenu za kipindi kile, zipo. Hersi akamwacha kocha. Mwezi mmoja baadaye Yanga ikaenda Tunis kwa Club Africain baada ya sare ya 0-0 Dar, na Stephane Aziz Ki akafunga bao pekee. Timu hiyohiyo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Ilifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mayele akawa mfungaji bora wa mashindano, mabao 7.

Ile jezi iliyopauka ya baba mdogo siku ya Algiers ilivaliwa tena. Nilimwona analia, mzee mzima. Akasema, "Elfu tano yangu imefika Algeria."

Linganisha na Simba. Agosti 2021, wakiwa mabingwa mara 4, walimuuza Clatous Chama kwa RS Berkane na Luis Miquissone kwa Al Ahly, dirisha moja, wachezaji wawili walioamua mechi zao nyingi. Hela nzuri iliingia, sibishi. Ila ubingwa ukahama mtaa. Yanga nao walimuuza Mayele 2023, kwenda Pyramids ya Misri. Lakini Aziz Ki alikuwa ameshakaa mwaka mzima kikosini, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli wakaletwa, na msimu huo Aziz Ki akafunga mabao 21 ya ligi. Novemba 5, 2023 ikawa Simba 1, Yanga 5. Samahani ndugu zangu wa Msimbazi, ni historia, lazima niiandike.

Wamarekani wanafanyaje?

Sasa tutoke nje kidogo, maana kuna mdau aliniambia nikaangalie ile filamu ya Moneyball ya 2011, aliyocheza Brad Pitt. Niliiangalia usiku mmoja kwa bando la jioni. Inahusu besiboli, mchezo ambao mimi na wewe hatuujui, ila stori yake ni ya kwetu kabisa.

Kwenye besiboli kuna mtu anaitwa meneja mkuu. Sio kocha. Kazi yake ni kusajili, kuuza na kupanga kikosi cha miaka ijayo. Ndio kiti cha Hersi. Huyo wa kwenye filamu ni Billy Beane wa Oakland. Mwaka 2002 alikuwa na bajeti ya mishahara ya kama dola milioni 40, wakati New York Yankees walikuwa na zaidi ya milioni 120. Alikuwa ametoka kupoteza mastaa wake watatu. Akasajili kwa takwimu, watu ambao wengine waliwadharau. Timu ikashinda mechi 103, ikiwemo 20 mfululizo. Ikatolewa raundi ya kwanza ya mtoano.

Kuna mwingine, Jeff Luhnow wa Houston Astros. Huyu ndiye anayewagombanisha watu mpaka leo. Houston ilipoteza mechi 106 mwaka 2011. Luhnow alipoingia ikapoteza 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013. Hakuhangaika kununua mtu wa kumwokoa. Kwa nini? Kwa sababu kule kila mwaka kuna siku ya kugawana vijana wapya, na kwa utaratibu wa wakati ule timu iliyoshika mkia ilichagua wa kwanza. Houston ikachagua ya kwanza 2012, 2013 na 2014. Wa 2012 alikuwa Carlos Correa. Mwaka 2017 wakawa mabingwa. Baadaye ikagundulika walikuwa wanaiba ishara za wapinzani kwa kamera, na Januari 2020 Luhnow akafungiwa na kufukuzwa. Kwa hiyo mpaka leo watu wanabishana: alijenga, au aliharibu?

Ebu fikirieni hapo. Marekani, nchi ya mabepari, ukishika mkia unapewa kijana bora. Sisi ukishika mkia unashushwa daraja. Na hata kabla hujashuka, vijana wako bora wanakuwa wameshaondoka. Meneja wa kibongo hawezi kuwaambia mashabiki "subirini tufungwe miaka mitatu". Ukifungwa mwaka mmoja, wa pili unacheza Championship, na mabasi ya kwenda huko unalipa mwenyewe.

Ndio maana nasema kumhukumu Hersi kwa kipimo cha Billy Beane ni kumwonea, na kumsifu kwa kipimo hicho ni kumpendelea. Beane alikuwa maskini akitafuta vya bei rahisi. Hersi alikuwa na mtu nyuma yake wa kufidia hasara. Alikosea 2020, akapewa nafasi ya kusajili tena 2021. Nani mwingine Bongo anapewa nafasi ya pili?

Agosti ileile, upande wa Tanga

Sasa nakuja kwenye swali la yule mdau. Turudi Agosti 2020.

Nimesema Yanga walimsajili Bakari Mwamnyeto. Alitoka wapi? Coastal Union. Dirisha hilohilo, beki mwenzake wa kati, Ibrahim Ame, akaenda Simba. Ayoub Lyanga akaenda Azam. Klabu tatu kubwa za Dar zilikuja Tanga mwezi mmoja na kila moja ikaondoka na mtu wake. Timu ile ilikuwa imejengwa taratibu na kocha Juma Mgunda, mtoto wa Tanga, kwa hela ya mboga.

Msimu uliofuata Coastal ikaponea chupuchupu. Ilibidi icheze mchujo na Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja.

Yanga wanaisimulia Agosti 2020 kama mwanzo wa ujenzi wao. Sisi tunaikumbuka kama mwezi tuliobomolewa. Dirisha ni moja.

Mgunda akajenga tena. Akamtengeneza Sopu. Juni 15, 2022 Yanga ilikamilisha ubingwa wake kwa kutufunga sisi 3-0, na nahodha wao alikuwa Mwamnyeto wetu. Wiki mbili baadaye tukawa nao fainali Arusha, na yaliyotokea nimeshawasimulia. Halafu Sopu akaenda Azam, na Septemba mwaka huohuo Mgunda mwenyewe akachukuliwa na Simba.

Sisemi Mwamnyeto alikosea. Kijana amepata maisha, amekuwa nahodha wa bingwa, Mungu ampe nini tena. Wala sisemi Hersi aliiba, alinunua kihalali. Nasema tu kwamba huu mpira wetu hauna kile kitu cha Wamarekani cha kumrudishia aliyebomolewa. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam uliosainiwa Mei 2021, zaidi ya Sh225 bilioni kwa miaka 10, umesaidia timu ndogo kupumua. Kupumua tu lakini, bado sio kushindana.

Makosa ya injinia

Na mashabiki wa Yanga msijifanye kwamba jamaa hakosei. Nitaje mawili.

Saido Ntibazonkiza aliachwa na Yanga 2022, ikaonekana umri umeenda. Akaenda Geita Gold, Desemba akaenda Simba, na msimu huo wa 2022/23 akamaliza na mabao 17 ya ligi, sawasawa na Mayele. Yaani mtu uliyemwona amekwisha amefunga sawa na staa wako.

Feisal Salum ndio kubwa zaidi. Fei Toto alikuwa ndiye mzawa aliyekuwa moyo wa ile timu. Desemba 2022 akataka kuvunja mkataba. Sakata likaenda TFF, likazunguka nusu mwaka, mpaka Rais Samia akawaomba Yanga walimalize. Juni 2023 akaenda Azam, na msimu uliofuata akafunga mabao 19. Wageni walipokelewa kwa ngoma uwanja wa ndege, mzawa akaondoka kwa barua na mawakili. Mjenzi mzuri hatakiwi kufika huko.

Hata ile subira niliyoisifu haikudumu. Novemba 2024 Yanga ilipoteza mechi mbili mfululizo za ligi, kwa Azam na kwa Tabora United, na Miguel Gamondi, kocha wa ile 5-1, akaondolewa. Ubingwa wakaupata tu mwisho wa msimu, kwa hiyo huenda injinia atasema alikuwa sahihi.

Hukumu yangu

Hersi aliijenga Yanga. Nimekubali, baba mdogo, chukua ushindi wako. Ushahidi wangu ni msimu wa 2020/21, hela zilikuwepo na kombe halikuja. Kilicholeta kombe ni kulijua soko moja vizuri, kutobomoa kila mwaka, na kuvumilia kocha siku ambayo uwanja mzima unataka aondoke.

Ila aliijenga kwa hela za mtu aliyeweza kusubiri, na sehemu ya matofali alikuja kuyachukua kwetu. Vyote viwili ni kweli. Mimi nakataa tu kile kinachosemwa sana siku hizi, eti Coastal na wengine "waige mfumo wa Yanga". Mfumo wa Yanga unahitaji Coastal iwepo ya kuchukuliwa watu.

Kinachoigika ni kile ambacho hakihitaji mabilioni. Na tulishakigusa kidogo! Msimu wa 2023/24, chini ya kocha Mkenya David Ouma, Coastal ilimaliza ya 4. Golini alisimama Mkongomani, Ley Matampi, na akawa kipa bora wa ligi mbele ya Diarra mwenyewe. Unaona? Njia ya Congo, hata kwa bei ya Tanga inapitika. Tukaenda Afrika, Bravos do Maquis ya Angola wakatutoa kwa jumla ya 3-0. Haikuchukua muda, Ouma akaachwa.

Yanga walipotolewa na Al Hilal walimbakisha Nabi. Sisi tulipotolewa na Bravos tukamwachia Ouma aende. Hilo la hela tuliweke pembeni, hapo hapakuwa na hela.

Ningekuwa na sauti pale Coastal ningeomba vitu viwili. Kijana akionyesha dalili apewe mkataba mrefu mapema, kabla hajapiga mabao matatu kwenye fainali. Na akiuzwa, iandikwe kwamba akiuzwa tena huko mbele, asilimia fulani inarudi Tanga. Coastal ilichukua ubingwa wa Tanzania 1988, mimi sijazaliwa, baba mdogo anakumbuka. Kila akikumbusha anasema kwa huruma, kama anasimulia habari za marehemu. Hiyo ndio inaniuma kuliko zile penalti za Arusha.

Haya, uwanja wenu. Wewe ndiye mtu wa usajili wa Coastal, ana miaka 20, kapiga matatu fainali, Azam wamepiga simu na mishahara ya wenzake unadaiwa. Unamuuza au unambakisha? Andika hapo chini, na matusi acha nyumbani.